Twyla Anapiga Upande Gani?

Lipovka, kijiji cha nchi ya theluji nilikohamia, mtoto huulizwa swali moja kabla hajajua kuandika jina lake: unapiga kushoto au kulia? Anayeuliza anaweza kuwa mjomba, padri au mwenye duka la mbegu, na mtoto hujibu papo hapo, kwa kuwa gongo la kwanza la hoki ya barafuni alilopewa limeshaamua. Anayepiga kushoto hutanguliza mkono wa kushoto chini ya mpini na kupigia ubavu huo. Anayepiga kulia, kinyume chake. Mtu wa Lipovka anaweza kusahau siku aliyofunga ndoa, lakini upande wake hausahau, na nimeshakaa kwenye matanga kadhaa nikasikia marehemu akitajwa hivyo: alikuwa mkulima mzuri, alipenda watu, alipiga kushoto.

Twyla Hnatiuk hakuulizwa. Alikuwa na umri wa miaka sita wakati kaka zake walipomwaga maji nyuma ya banda la ng'ombe, maji yakaganda, wakawa na uwanja wa barafu lakini hawana kipa. Wakamfunga mito ya kochi miguuni kwa kamba za marobota ya majani. Mkono wa kushoto wakamvalisha glavu ya besiboli, na wa kulia wakamshikisha gongo la kipa la baba yao, zito, la mbao tupu, bapa lake limenyooka kama mwiko. Kisha Orest, kaka mkubwa, akampa mafunzo yote ya ukipa kwa maneno mawili: "Kaa nyumbani."

Nyumbani ni golini. Kipa anayetoka kukimbilia kisahani, kile cheusi cha mpira mgumu kinachogombewa, ameacha nyumba wazi, na lolote litakaloingia ni juu yake. Twyla alikaa. Alikaa kwenye barafu ya nyuma ya banda, akakaa kwenye timu ya wasichana, akaolewa na Garnet Lysyk, akazaa, akaanza kuendesha basi la shule, na kila majira ya baridi alirudi kukaa golini. Sasa ana miaka hamsini na minne na anadakia Bundi, timu ya watu wazima ya Lipovka, wanaume na wanawake pamoja. Sijawahi kuwaambia kwamba kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali. Wana mikosi yao ya kutosha.

Alikuwa kipa hodari wa aina yake. Kisahani kikija mbele, alikidaka, alikikanyaga, alikilalia. Kikipita nyuma ya goli, hiyo ilikuwa kazi ya Orest, aliyecheza beki na ndiye nahodha. Kwa miaka mingi mpango huo ulikwenda vizuri. Lakini Orest alizeeka, jambo ambalo yeye peke yake hakuarifiwa, na mwezi wa Januari watu wa Tessler, timu ya kijiji jirani, waliligundua. Kazi yao ilikuwa moja tu: wanapiga kisahani kwa mbali, kinaambaa na ukuta wa mbao, kinazunguka nyuma ya goli, na kabla Orest hajageuza tumbo lake, mtu wa Tessler ameshakifikia. Bundi walifungwa sita.

Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka jasho na kahawa. Orest alikuwa anavua kiatu na maneno yakamtoka bila kumtazama dada yake.

"Twyla, kile kisahani kinapita nyuma yako na wewe unakiangalia tu kama unakiaga. Siku hizi kipa anatoka, anakichukua, anampa mwenzake. Anakuwa kama beki wa tatu."

"Orest, nani aliniambia nisitoke?"

"Hayo mambo ya zamani."

"Ya zamani! Leo hii umenipigia kelele 'kaa nyumbani' mpaka wakaanga chipsi huko nje wamesikia."

Watu walicheka. Orest naye alicheka kidogo, halafu akasema alichokuwa amekuja nacho. Shuleni kumekuja mwalimu mpya, Brielle, aliyedaka chuoni, na huyo anatoka golini na kupiga pasi kama mchezaji wa mbele. Mechi ya marudiano na Tessler atadaka Twyla, kwa heshima. Wakipigwa tena nyuma ya goli, Brielle anaingia.

"Usinichukie, dada."

"Nimekuchukia tangu mito ya kochi," Twyla alisema, na watu wakacheka tena.

Ndani ya gari hakucheka. Garnet aliniambia baadaye kwamba alishika usukani njia nzima bila kutia neno, na ukimjua Twyla, hiyo ni kama redio kuzimika. Aliogopa. Kwenye basi alikuwa mama wa watoto wa watu, nyumbani alikuwa mama wa wake, kanisani alikuwa mkono wa kubana perohe, yale maandazi yao ya kuchemsha yenye viazi ndani. Golini alikuwa Twyla. Na magoti yake yalikuwa yameanza kukataa kuinuka upesi, kwa hiyo alijua Orest amesema kweli: kipa asiyeweza tena kuruka lazima aizime hatari kabla haijafika. Kukubali kwamba Orest amesema kweli kulimuuma kuliko yale magoli sita.

Jumamosi akaenda mjini, Saskatoon, kununua gongo jipya. Wahenga wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Wahenga wetu hawakuwahi kusimama mbele ya ukuta wa magongo ya makipa, kila moja na unene wake na mpindo wake, na mwenye duka anakungoja. Muuzaji alikuwa mwanamke mnene mchangamfu aitwaye Rochelle, kipa mstaafu, aliyetembea kama anayebeba ndoo.

"La zamani lina shida gani?" Rochelle aliuliza.

"Ni zito. Na sijui kupigia pasi."

"Mama, vua hayo mabuti kwanza. Watu wanakuja hapa wanachagua gongo na mabuti ya theluji miguuni, wakifika kwenye barafu wanalia. Vaa viatu vya kuteleza hivi. Haya, chuchumaa kama uko golini."

Twyla akachuchumaa katikati ya duka, watu wakipita na vikapu vyao. Rochelle akampa gongo la kwanza. Ile sehemu pana ya chini ya mpini ilikuwa ndefu mno, ikamwinua bega. La pili lilikuwa fupi, likamvuta akainama kama anatafuta sindano. La tatu bapa lilikaa lote sakafuni, kisigino na ncha, na bega likatulia. Lilikuwa jepesi hata akadhani halina kitu ndani.

"Sasa mpindo," Rochelle alisema, akimwonyesha bapa kwa kidole. "Likipinda sana kisahani kinaruka juu, kinavuka kioo cha ukingoni, kinamwangukia bibi wa watu na mwamuzi anamtoa mtu wenu dakika mbili. Likipinda kidogo, pasi inalala chini. Na hapa juu, zungushia utepe mweupe mpaka kifundo kinenepe, glavu ipate pa kushika. Haya, unapiga wapi? Kushoto au kulia?"

Twyla aligeuza gongo huku na huku.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Lipovka, na hakujua. Hakuwahi kupiga. Kazi yake ilikuwa kupigwa. Na bapa la baba yake lilikuwa limenyooka pande zote mbili, kwa hiyo halikuwahi kumuuliza. Alisikia uso wake unawaka, kwa sababu kumjibu muuzaji wa magongo "sijui" ni sawa na kumwambia hujui jina la baba yako.

"Kushoto," alisema.

"Sawa. Glavu ya kudakia mkono wa kushoto, unapiga kushoto. Kama makipa wengi."

Akalipa na kuondoka haraka, kama mtu aliyepitisha kitu forodhani.

Garnet alikuwa amemtengenezea barafu uani, karibu na mapipa ya mbegu. Twyla akavaa vazi zima la kipa na kuanza kufanya alivyoelekezwa. Kisahani kinakuja, mkono wa kulia unapanda mpaka kwenye kifundo, ule wa kushoto wenye glavu unashuka na kubana mpini katikati, kisha anapiga kutoka ubavu wa kushoto. Kisahani kilikwenda kilikotaka. Kiligonga pipa, kiligonga gurudumu la trekta, kilizama kwenye theluji hadi leo hakijaonekana na huenda kitavunwa mwezi wa nane. Kikikubali kwenda mbele, kilikwenda kwa unyonge, kama barua ya serikali. Alifanya hivyo kila jioni baada ya kuegesha basi. Mikono yake haikuwa dhaifu, kwa kuwa mwanamke huyu hubeba magunia, lakini ilikuwa kama ya mtu mwingine, ameiazima tu.

Garnet alitazama kwa dirisha la jikoni akitafuna soseji. Ni mtu mpole, mwenye kusema jambo moja kwa siku, na siku nyingine hulihifadhi.

"Labda mpindo umezidi," alisema siku ya kwanza.

"Nenda kale perohe zako."

Siku ya pili hakusema kitu. Wiki ilipoisha Twyla alilitupa gongo kwenye baraza na kutangaza kwamba Brielle achukue goli, achukue na basi, na akitaka mume yupo pale anatafuna soseji.

Kesho yake theluji ilianguka. Asubuhi Twyla akachukua beleshi kwenda kuondoa theluji uani, si kwa ajili ya mazoezi, ila kwa sababu gari lilikuwa limefungwa ndani. Alikuwa anazoa na kurusha kwa hasira, kila beleshi linafika nyuma ya uzio, wakati Garnet alipotoka na kikombe cha kahawa na kusimama ghafla mlangoni.

"Usisogee."

"Nini? Nimekanyaga nini?"

"Hujakanyaga kitu. Kaa hivyohivyo. Angalia mikono yako."

Twyla akaangalia. Ilikuwa imevaa glavu za sufu.

"Upi uko chini?"

Mkono wa kushoto ulikuwa juu, kwenye kishikio. Wa kulia ndio uliokuwa chini, karibu na bati, na theluji yote aliyokuwa ameirusha ilikuwa imelala upande wa kulia, tuta refu lililonyooka.

"Twyla," Garnet alisema, "wewe unapiga kulia."

Watu wa huko wote wanajua jambo hilo: mtu akisita kuhusu mtoto, humpa beleshi au ufagio na kuangalia mkono upi unashuka chini. Twyla alizoa theluji mbele ya mume wake kwa miaka thelathini, na mbele ya kaka zake kabla ya hapo, na hakuna aliyepata kuangalia, maana nani huangalia kipa anapiga upande gani?

Akakaa kwenye theluji na kuanza kucheka. Kicheko kikageuka katikati ya njia, akalia, na Garnet akabaki amesimama na kahawa hajui ampe au ainywe.

"Hakuna aliyeniuliza, Garnet. Hata mmoja. Hata mama."

"Hata mimi," Garnet alisema. Na hilo ndilo lilikuwa neno lake la siku hiyo.

Lakini kujua upande hakukumaliza shida. Twyla alilichukua gongo jipya akajaribu kama beleshi: glavu ya kushoto ikashika kifundo juu, mkono wa kulia ukateleza chini, akaligeuza bapa litazame upande wa pili. Mikono ilikuwa yake sasa. Ila bapa lilikuwa limepindwa kwa ajili ya kushoto, na likigeuzwa mgongo wake ulibinuka mbele, kisahani kikateleza juu yake kama yai kwenye mgongo wa kijiko. Akampigia Rochelle simu na kukiri. Rochelle alicheka mpaka akakohoa.

"Mama, hujambo kweli! Sikiliza. Nikikuuzia lililopinda kulia, utapiga vizuri, lakini ukisimama golini mgongo ndio utakaotazama wapigaji, na kila kisahani kitaruka ovyo mbele yako. Wewe unahitaji bapa lililonyooka, lisilo na upande. Na ya namna hiyo siku hizi sina. Watoto wote wanataka mpindo."

Lililonyooka. Lile la baba yake, alilokuwa amelikimbia, bapa lake lilikuwa sahihi miaka yote. Kilichokosewa ni uzito tu.

Zamani vijana wa Lipovka walilipinda bapa la mbao kwa mvuke wa birika, kisha wakalibana chini ya mlango mpaka likaganda na mpindo waliotaka. Garnet aliyafanya hayo ujanani na akapigwa kwa kuharibu mlango. Sasa alifanya kinyume. Aliweka birika jikoni, akalizungusha bapa la gongo jipya kwenye mvuke taratibu, mbele na nyuma, Twyla akisukuma kwa kitambaa, kisha wakaliingiza chini ya friza lenye nusu ya ng'ombe ndani yake na kuliacha. Samaki mkunje angali mbichi, nasi tuliozaliwa na methali hiyo hatukufundishwa namna ya kumkunjua mkavu. Wao walitumia friza. Bapa lilitoka limenyooka, au karibu na kunyooka, na Twyla akazungushia kifundo utepe mweupe mpya.

Hakumwambia Orest chochote.

Siku ya marudiano uwanja wa Lipovka ulijaa, yaani watu walikaa mpaka safu ya tatu. Tessler walianza kama walivyoishia: piga mbali, kiambae ukutani, kimbilia nyuma ya goli. Mara ya kwanza Twyla alitoka akachelewa, akarudi akiwa ametota jasho, na goli likanusurika kwa mguu wa Orest. Mara ya pili alikifikia lakini akakipiga kikamgonga mwamuzi. Kwenye kibanda cha chipsi na bia watu walianza kunong'ona, na Brielle, aliyekuwa amekaa safu ya mbele na chipsi zake za mchuzi, aliacha kutafuna.

Kipindi cha mwisho walikuwa mbili kwa mbili. Dakika chache zimebaki, Tessler wakapiga tena. Kisahani kikaja kinanguruma kwenye kona, kikazunguka, na mchezaji wao mwepesi kuliko wote alikuwa ameshaanza mbio. Orest alikuwa katikati ya uwanja, hana pumzi ya kukimbia. Pumzi ya kupiga kelele alikuwa nayo.

"Kaa nyumbani! Twyla! Kaa nyumbani!"

Twyla akatoka.

Alikifikia nyuma ya goli na kukisimamisha ukutani kwa bapa. Glavu ikadaka kifundo cheupe. Mkono wa kulia ukashuka chini ya mpini. Akaligeuza gongo, akapinda mgongo, na akakizoa kisahani kile kama theluji ya asubuhi, kwa hasira ileile, na kwa upande uleule. Kilipita juu ya gongo la yule wa Tessler, kikagusa kioo chini ya ukingo, kikatua mbele ya mtu wa Bundi aliyekuwa peke yake na mwenye uwanja mzima. Huyo hakuwa na kazi nyingine ila kufunga.

Kelele zilizopigwa ni za kwao, siwezi kuziandika. Ninachokumbuka ni Orest, amesimama pale alipokuwa amesimama, mdomo umebaki wazi kwenye lile neno "nyumbani."

Baada ya mechi alimfuata dada yake kibandani, akamkalia mbele na glasi yake ya bia.

"Basi, yameisha. Goli ni lako mpaka magoti yaanguke yenyewe. Brielle atangoja."

"Mpe Brielle," Twyla alisema.

"Nimesema ni lako!"

"Nimesikia. Mpe. Mimi nataka kucheza mbele."

Orest alimtazama usoni kama anatafuta homa. "Mbele? Wee Twyla! Una miaka hamsini na minne. Hujawahi kupiga hata mara moja katika maisha yako."

"Nimepiga leo. Na mbele hakuna kupiga magoti."

"Utajifunza wapi kulenga, mtu mzima wewe? Utamlenga nani?"

Twyla alikunywa fundo la bia ya kaka yake. Alikuwa ameshafikiria.

Jumapili, baada ya misa, Orest alialikwa kwa dada yake kula soseji na perohe. Alipofika uani alimkuta Garnet ameshika vazi la kipa, glavu, na lile gongo jepesi la bapa lililonyooka. Pembeni, juu ya barafu, Twyla alikuwa amevaa koti jepesi na viatu vya kuteleza, mkononi ana gongo jipya la mchezaji wa kawaida, lililopinda kulia. Orest aliangalia vazi, akamwangalia shemeji yake.

"Garnet, hii ni nini?"

"Amekosekana kipa," Garnet alisema.

Orest alilalamika mgongo, akalalamika tumbo, akasema chakula kitapoa. Hakuna aliyemsikiliza; waliendelea kumfunga kamba za vazi la kipa miguuni. Alisimama golini mikono imetanuka, mwoga kweli, na kisahani cha kwanza kilimpata kwenye ugoko akapiga yowe. Cha pili kilipita kando ya sikio. Alipoona Twyla anarudi nyuma kuchukua kasi ya cha tatu, alianza kusogea pembeni polepole, akiacha goli wazi, macho yakitafuta mlango wa jikoni.

"Orest," Twyla alimwita. "Kaa nyumbani."